Umeshapima, lakini nani atakutibu?

Muulize mtu anayesubiri viza ya kwenda kuishi nje kama ameshapanga mambo ya afya. Atakujibu haraka: "Tayari, nimeshapima." Picha ya kifua imepigwa, damu imetolewa, cheti kiko kwenye bahasha, basi kwake habari ya afya imekwisha. Ndiyo kwanza inaanza. Vipimo vile ni vya kuilinda nchi inayokupokea. Havimpi mtu yeyote huko wajibu wa kukutibu ukishikwa na tumbo wiki ya pili baada ya kutua.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba ziko karatasi tatu zinazonukia hospitali, na kila moja ina kazi yake.

Ya kwanza ni cheti cha vipimo. Anayeishi Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo na anataka kwenda Uingereza kwa zaidi ya miezi sita lazima apimwe kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa. Dar es Salaam na Nairobi kazi hiyo hufanywa na kliniki za Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, IOM. Cheti hudumu miezi sita, kwa hiyo aliyewahi kupima mapema mno hulazimika kurudia. Akikutwa na ugonjwa, anatibiwa kwanza, kisha anapima upya. Nchi za Ghuba zina orodha ndefu zaidi, na Marekani nayo ina madaktari wake maalumu walioteuliwa na ubalozi, ambao pamoja na kupima hukagua chanjo.

Ya pili ni bima ya safari. Hii ndiyo mawakala huipigia debe sana kwa kuwa hukatwa kwa dakika kumi na bei yake haitishi. Ukiomba viza ya muda mfupi ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, unatakiwa uwe nayo, isiyopungua euro 30,000. Lakini imetengenezwa kwa ajili ya mtu atakayerudi kwao. Hulipia ajali, kidole tumbo, kurudishwa nyumbani ukiwa hoi. Presha uliyoondoka nayo, ujauzito, jino, miwani: kwa kawaida hayamo. Anayehamia akaitegemea hiyo peke yake hugundua siku ya kwanza anapotaka dawa zake za sukari kwamba hana kitu.

Ya tatu ni haki yenyewe ya kutibiwa kama mkaazi, na hii mara nyingi haina hata karatasi ya kushika mkononi. Ndiyo maana husahaulika. Kila nchi imeijenga haki hiyo juu ya swali lake. Uingereza inauliza: unaishi hapa kihalali, na ada umelipa? Ujerumani inauliza: uko mfuko gani wa bima? Ghuba: nani mwajiri wako? Marekani: nani analipa? Ukilijua swali la nchi unayokwenda, mengine yatajipanga nyuma yake. Ukienda Marekani na jibu la Uingereza, utaumia.

Uingereza: umelipa, sasa jiandikishe

Nitakaa Uingereza kuliko kwingine, kwa sababu ndiko mfumo unakoonekana mwepesi na ndiko wageni wengi hukwama.

Huduma ya afya ya taifa, NHS, ilianza tarehe 5 Julai 1948, na mpaka leo msingi wake ni kodi: mgonjwa haombwi pesa mlangoni. Lakini tangu Aprili 2015 mhamiaji anayeomba viza ya zaidi ya miezi sita hulipa kwanza ada ya afya, inayojulikana kwa herufi zake IHS. Ilianza pauni 200 kwa mwaka. Kuanzia tarehe 6 Februari 2024 ni pauni 1,035 kwa mtu mzima na pauni 776 kwa mwanafunzi au mtoto aliye chini ya miaka 18. Na hailipwi kidogo kidogo kila mwaka: unatoa ya miaka yote ya viza kwa mkupuo, siku ile ile unayotuma maombi.

Piga hesabu ya mfanyakazi mwenye viza ya miaka mitatu, mke na watoto wawili. Wakubwa wawili ni pauni 6,210, watoto ni pauni 4,656. Jumla pauni 10,866, kabla ya nauli, kabla ya ada ya viza yenyewe. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili ya mwaka mmoja naye hushtuka kuona ameombwa pauni 1,164 badala ya 776. Sababu ni kwamba viza yake hupewa na miezi ya ziada kabla na baada ya masomo, na kipande cha mwaka kisichozidi miezi sita hutozwa nusu ya ada. Viza ikikataliwa, ada ya afya hurudishwa. Ada ya maombi hairudi.

Wanaosamehewa wapo. Aliyepata viza ya wafanyakazi wa afya na ustawi, yeye na wategemezi wake, halipi. Hapa niseme neno kwa sababu matapeli bado wanazunguka: mlango wa kuajiriwa moja kwa moja kutoka nje kama mlezi wa wazee ulifungwa tarehe 22 Julai 2025. Wakala anayekuambia leo kwamba atakupeleka kwa kazi hiyo "bila ada ya afya" anataka pesa yako tu. Wanaoomba hifadhi, wakiwemo ndugu zetu wengi kutoka Kongo na Burundi, hutibiwa bure wakati ombi lao linashughulikiwa.

Binafsi naiona ada hii kuwa ni kulipishwa mara mbili, maana mfanyakazi huyo akishafika hukatwa kodi na mchango wa bima ya taifa sawasawa na mwenyeji. Lakini ndiyo sheria. Faida yake ni kwamba ukishalipa na viza yako ikaanza, haki yako hospitalini ni karibu sawa na ya aliyezaliwa pale: kujifungua, upasuaji, saratani, vyote vimo. Matibabu ya kupandikizwa mimba hayamo.

Sasa mtego wenyewe. Watu hulipa maelfu hayo ya pauni, wanafika, wanakaa mwaka mzima bila kujiandikisha popote, wakidhani mfumo unawajua. Hauwajui. Inabidi uende wewe kwenye zahanati ya mtaa wako ujiandikishe kwa daktari wa kwanza, GP. Huyo ndiye atakayekuandikia dawa, atakayetunza faili lako na atakayekupa rufaa. Nyumbani tumezoea mtu akiumwa jicho kwenda moja kwa moja kwa daktari wa macho, akiumwa moyo anatafuta bingwa wa moyo hospitali kubwa mjini. Kule, bila barua ya GP, bingwa hakuoni, labda umlipe binafsi.

Kujiandikisha ni kujaza fomu tu, mtandaoni au mapokezi. Wahudumu wengine wa mapokezi hudai pasipoti, bili ya umeme, mkataba wa nyumba. Mwongozo wa NHS uko wazi: kukosa kitambulisho, uthibitisho wa anwani au karatasi za uhamiaji si sababu ya kukukatalia. Anaweza kukuomba, lakini ukisema huna, bado anapaswa kukuandikisha, ilimradi unaishi ndani ya eneo lao. Aliyepanga chumba kwa mshikaji na jina lake halimo kwenye bili yoyote asirudi nyumbani kinyonge. Aombe kwa upole wamwandikie sababu ya kumkataa. Mara nyingi fomu hupatikana hapo hapo.

Ukishaandikishwa, jifunze adabu ya saa mbili asubuhi. Zahanati nyingi hufungua simu saa hiyo na nafasi za siku hiyo huisha haraka. Ukipiga saa nne utaambiwa ujaribu kesho, au ujaze maombi mtandaoni. Mhudumu wa simu atakuuliza unaumwa nini. Si umbea, anapanga nani aonwe kwanza na nani apelekwe kwa muuguzi. Kama Kiingereza cha kueleza maumivu kinakushinda, omba mkalimani wa Kiswahili wakati unapopanga miadi. Ni bure na ni haki yako. Usimpeleke mtoto wa darasa la tano akakutafsirie habari za kizazi.

Jambo litakaloudhi wengi ni dawa. Tumetoka mahali ambapo mtu anaweza kuingia duka la dawa, akataja amoksilini kwa jina, akaondoka nayo. Kule antibayotiki haiuzwi bila cheti cha dawa, na GP atakuambia mara nyingi kwamba mafua yako ni ya virusi, kanywe maji upumzike. Wengi hutoka wakinung'unika kwamba "hawajatibiwa". Wametibiwa, ila kwa namna wasiyoizoea. Kwa England kuna njia ya mkato ambayo wageni hawaijui: tangu mwisho wa Januari 2024 mfamasia anaweza mwenyewe kutibu magonjwa saba madogo, pamoja na koo, maumivu ya sikio kwa watoto na maambukizi mepesi ya mkojo kwa wanawake, bila kupitia kwa daktari. Usiku ukizidiwa lakini si jambo la kufa, piga 111. Kifua kikibana, mtu akizimia, damu isipokoma, ni 999.

Rufaa ikishatoka, jipange kusubiri. Lengo la serikali England ni matibabu kuanza ndani ya wiki 18 tangu rufaa, na halijafikiwa tangu 2016. Ndiyo maana mimi humshauri mwenye jambo linalosubiriwa, henia, uvimbe wa kizazi usio wa hatari, mtoto wa jicho, alimalize nyumbani kabla ya kuondoka kama ana uwezo.

Meno vilevile. Ada ya IHS haikuondolei malipo ya meno wala miwani. England kumwona daktari wa meno wa NHS kwa uchunguzi ilikuwa pauni 27.40 kuanzia Aprili 2025, na kazi kubwa kama kuvikwa jino bandia pauni 326.70, hapo ni kama umebahatika kumpata anayepokea wagonjwa wapya wa NHS. Ziba, ng'oa na safisha ungali kwenu. Pima macho, chonga miwani miwili.

Dawa za cheti England zilikuwa pauni 9.90 kwa kila aina mwaka 2025. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini ni bure. Mtu wa presha anayetumia aina mbili kila mwezi atalipa pauni 237.60 kwa mwaka. Lakini akinunua cheti cha malipo ya awali cha mwaka, pauni 114.50, anachukua dawa zote bila kulipa tena. Mwenye kisukari anayetumia dawa hana haja hata ya hicho: anaomba cheti cha msamaha kupitia GP na dawa zake zote, hata zisizo za kisukari, zinakuwa bure. Mwenye presha hamo kwenye orodha hiyo ya msamaha, wala mwenye selimundu, na hilo limelalamikiwa miaka nenda rudi. Mjamzito husamehewa dawa na meno mpaka mtoto afikishe mwaka. Dawa za VVU ni bure kwa kila mtu aliyeko huko, awe na viza ya aina gani au asiwe nayo, England ilipitisha hilo Oktoba 2012. Kifua kikuu pia. Asiyejua haya hukaa na ugonjwa chumbani kwa kuogopa bili ambayo haipo.

Bibi anapokuja kulea mjukuu

Hadithi hii huanza kwa furaha. Binti yuko Birmingham au Reading, amejifungua, na mama yake anaombewa viza ya matembezi ya miezi sita aje amsaidie. Mgeni wa matembezi halipi ada ya afya, na watu husikia hilo kama habari njema. Maana yake halisi ni kwamba bibi hana haki ya hospitali. Akipata homa anaweza kumwona GP bure, na chumba cha dharura kitamhudumia bila kumtoza. Lakini akilazwa, mita inaanza kusoma: mgeni asiye na mkataba wa nchi yake hutozwa asilimia 150 ya bei ya NHS, na nchi zetu hazina mkataba huo na Uingereza. Matibabu yasiyo ya haraka hudaiwa malipo kwanza. Ya haraka hayakataliwi, bili hufuata baadaye. Deni la pauni 500 au zaidi likikaa miezi miwili bila mpango wa kulilipa, taarifa huweza kufika uhamiaji, na viza inayofuata ya bibi ikakataliwa kwa sababu hiyo.

Hapa ndipo bima ya safari, niliyoisema vibaya juu, inapopata heshima yake. Mnunulieni bibi bima hiyo kabla hajapanda ndege, na mwandike ukweli: ana presha, ana sukari, aliwahi kupooza mkono. Bei itapanda. Bima ya bei nafuu iliyonunuliwa kwa kuficha magonjwa ni pesa iliyotupwa, maana siku ya kudai kampuni huomba faili la hospitali ya nyumbani, na huko yote yameandikwa.

Ujerumani: chagua mfuko, na usikosee mara ya kwanza

Wajerumani walianza bima ya afya ya lazima mwaka 1883, enzi za kansela Bismarck, na bado hawana mzaha nayo. Huwezi kuandikishwa chuo kikuu wala kupata kibali cha ukaazi bila kuonyesha uko bima gani. Aliyeajiriwa, pamoja na vijana wanaokwenda kwenye mafunzo ya ufundi kazini ambayo siku hizi yanatangazwa sana Nairobi na Dar es Salaam, huingizwa kwenye mfuko wa umma. Mchango wa msingi ni asilimia 14.6 ya mshahara, na nyongeza ya mfuko juu yake. Mwajiri analipa nusu, wewe nusu. Kizuri kuliko vyote: mke au mume asiye na kipato, na watoto, huingia kwenye kadi yako bila kuongeza hata senti.

Mwanafunzi aliye chini ya miaka 30 hulipa ada nafuu, kama euro 140 na ushei kwa mwezi mwaka 2025. Mtego uko hapa: akifika hutokea mtu akamshawishi achukue bima binafsi ya euro thelathini au arobaini. Kwa mwanafunzi wa lugha ambaye hajaanza chuo, hiyo inaweza kuwa ndiyo njia pekee. Lakini ukishaanza chuo ukaomba kuondolewa kwenye mfuko wa umma, huruhusiwi kurudi mpaka umalize masomo. Miaka yote hiyo unabaki na bima ambayo haina habari na ugonjwa uliokuja nao. Aliyeanza chuo akiwa ameshafikisha 30 ndiye mwenye shida zaidi, kwa sababu ada ya mwanafunzi haimhusu. Bora aandikiane na mfuko akiwa bado nyumbani.

Ghuba: kadi iko mkononi mwa nani

Kwa Ghuba vipimo hupitia mfumo unaoitwa Wafid, ambao wakongwe bado wanauita GAMCA. Hupimwa kifua kikuu, VVU, homa ya ini aina ya B na C, kaswende, na wanawake hupimwa ujauzito. Ukifika unapimwa tena kabla ya kupewa ikama, yaani kibali cha ukaazi, na atakayekutwa na VVU au homa ya ini hurudishwa. Ni ukatili, na Marekani yenyewe iliacha kuwazuia wenye VVU tangu Januari 2010, lakini ni heri kujua kabla hujauza shamba kulipia wakala.

Matibabu yenyewe yanamfuata mwajiri. Dubai ilipitisha sheria ya bima ya lazima mwaka 2013, Abu Dhabi ilikuwa imetangulia, na kuanzia Januari 2025 wajibu huo umefika emirati zote za Falme za Kiarabu. Saudia nayo humtaka mwajiri kuwakatia bima wafanyakazi wake. Bima hiyo hailipwi na mfanyakazi. Ukiona makato ya bima kwenye mshahara wako wa Dubai, hapo pana kasoro. Bima ya chini kabisa ya Dubai ina kikomo cha dirham 150,000 kwa mwaka, na mgonjwa huchangia sehemu ya gharama kila anapotibiwa.

Sheria iko hivyo kwenye karatasi. Kwa dada wa kazi za ndani, mambo huamuliwa na nani ameshika kadi. Kama pasipoti iko kabatini kwa kafili, yaani mwajiri aliyekudhamini, mara nyingi kadi ya bima nayo iko huko, na kwenda hospitali kunategemea hisani ya mama mwenye nyumba. Kwa hiyo fanya hivi mapema, wakati bado mnaelewana: piga picha ya ikama pande zote mbili na ya kadi ya bima, umtumie ndugu nyumbani. Katika nchi hizo bima huunganishwa na namba ya kitambulisho, hivyo hospitali inaweza kuangalia kwa namba hiyo hata kama kadi imefichwa. Soma mkataba wako ujue nani analipa ukiugua, na siku ngapi za ugonjwa zina mshahara. Mwanamke aliyeolewa abebe cheti cha ndoa kilichothibitishwa, maana baadhi ya hospitali za Ghuba hukiomba pale mjamzito anapokuja kliniki.

Na tafadhali, dawa zenye kodeini, tramadoli au diazepamu usizitie kwenye begi kienyeji. Dawa ya kikohozi uliyonunua kwa elfu tano mtaani inaweza kukuweka rumande Dubai. Ukilazimika, kuna kibali cha kuomba kabla ya safari.

Marekani

Aliyeshinda bahati nasibu ya kadi ya kijani, ile ya ukaazi wa kudumu, hufika akiamini nchi tajiri kuliko zote haiwezi kukosa hospitali ya umma. Hospitali zimejaa. Kinachokosekana ni mlipaji. Hakuna ada ya mkupuo, wala mfuko mmoja. Wengi hupata bima kwa mwajiri, ndiyo maana kule watu hushikilia kazi mbaya miaka kumi. Asiyepata kazini hununua kwenye soko la bima la serikali, na mhamiaji mpya mwenye ukaazi halali ana dirisha la siku 60 tangu apate hadhi hiyo. Likipita anasubiri msimu wa wote, unaofunguliwa Novemba. Siku hizo 60 huliwa na kutafuta nyumba, namba ya kodi, gari. Zisipotee. Ruzuku na bima za watu wa kipato cha chini zimekazwa na sheria ya Julai 2025, na mwenye kadi ya kijani kwa kawaida husubiri miaka mitano kabla ya kuingia Medicaid, bima ya serikali ya watu hao wa kipato cha chini, ingawa majimbo mengine huwaingiza watoto na wajawazito mapema. Uliza jimboni kwako, usimuulize binamu aliye jimbo lingine.

Kuwa na bima bado hakumaanishi kutolipa. Soma mambo mawili kwanza: kiasi unachotakiwa kulipa mfukoni kabla bima haijaanza kusaidia, na orodha ya hospitali ambazo bima yako inazitambua. Daktari mzuri aliye nje ya orodha ni daktari wa bei ya kukufilisi. Chumba cha dharura kinalazimika, kwa sheria ya 1986, kukupima na kukutuliza hata kama huna senti, lakini bili itakuja kwa posta. Ikija, usiilipe kwa hofu wala usiitupe. Omba mchanganuo wa kila kipengele, kisha omba fomu ya msaada wa kifedha. Hospitali zisizo za faida, ambazo ni nyingi, zinatakiwa kisheria kuwa na utaratibu huo. Na kwa magonjwa ya kawaida ziko kliniki za jamii zinazotoza kulingana na kipato chako. Wasomali na Wakongo waliofika kama wakimbizi wanazijua vizuri kuliko wataalamu waliokuja na digrii.

Unachobeba, na kile bima haigusi

Nchi yoyote uendayo, faili lako haliji lenyewe. Chukua kadi za kliniki za watoto zenye chanjo zote, majibu ya vipimo vya zamani, na barua ya daktari iliyotaja dawa kwa jina lake halisi, siyo jina la kampuni. Hata paracetamol, Wamarekani wanaiita acetaminophen. Beba dawa za kudumu za miezi miwili mitatu kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya pakiti zake. Mwenye selimundu aende na majibu ya maabara yanayotaja aina, akabidhi siku ya kujiandikisha, asisubiri maumivu yaanze. Cheti cha homa ya manjano usikitupe. Tangu Julai 2016 kinatambulika maisha yote, na utakihitaji siku ya kurudi.

Kusafirisha mwili wa marehemu hakuna mfumo wa afya wa taifa unaolipia. NHS hailipi, na mfuko wa umma wa Ujerumani haulipi. Ndiyo maana kila mji wenye Waswahili wa kutosha una umoja wa kufa na kuzikana, na kujiunga ni busara kuliko kusubiri michango ya WhatsApp. Soma katiba yao: vyama vingi humtaka mwanachama akae miezi kadhaa kabla ya kustahili.

Halafu malaria. Ukipata homa kali miezi ya kwanza ughaibuni, daktari wa kule atawaza mafua. Mwambie mapema, kabla hajauliza: "Nimetoka nchi yenye malaria, naomba kipimo." Hilo ni la haraka, haliwezi kungoja miadi ya wiki ijayo. Na baada ya miaka michache nje, ile kinga uliyojijengea utotoni hupungua. Unaporudi likizo Tanga au Kisumu mbu hajui kama wewe ni mwenyeji. Watoto waliozaliwa huko hawana kinga hiyo kabisa. Mnaanza vidonge vya kuzuia malaria kabla ya kusafiri, mnaendelea navyo mkiwa huku, na mnavimalizia baada ya kurudi kwa muda ulioandikwa kwenye pakiti. England kwa kawaida NHS haitoi vidonge hivyo, vinunueni kwa mfamasia, na mpange wiki kadhaa kabla, kwa sababu familia ya watu watano ikifika dukani siku mbili kabla ya ndege huenda isikute dozi za watoto.